Sifuri Tisini

Kijana mmoja wa chama cha waandishi wa programu za kompyuta ameniandikia barua. Anataka niwaandikie wenzake kurasa chache juu ya namna ya kujenga kazi yenye mafanikio na yenye kuridhisha, kwa kuwa, anasema, mimi ni mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kuifanya kazi hiyo. Amenipa hata vichwa vya habari: penda unachokifanya, tafuta mlezi wa kazi, usiogope kosa. Nimeisoma barua hiyo mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Nina miaka themanini na kitu, magoti yameshaniacha, lakini hasira bado ninayo, na leo nimeamua kuitumia.

Kupenda, nilipenda. Mlezi nilikuwa naye, na nitaeleza alivyonilea. Ama kosa, huyo kijana hajui anachokisema. Asiyeogopa kosa hajawahi kulifanya.

Kazi hii niliianzia Nchelenge, kwenye ufuko wa ziwa Mweru, miaka ya hamsini, kabla sijaona kompyuta, kabla sijaona taa ya umeme ikiwaka ndani ya nyumba ya mtu mweusi. Palikuwa na ofisi ya samaki hapo, nyumba ya matofali yenye paa la bati, karibu na maji kiasi kwamba karatasi zake zote zilinuka chisense, vile visamaki vidogo tunavyovianika mchangani. Mkubwa wa ofisi alikuwa mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu. Sisi tulimwita bwana samaki, naye alikuwa akijua tunavyomwita na akafurahi.

Siku moja bwana samaki alikuja shuleni kwetu kwa masista kutafuta msichana anayejua kufuma sufu. Alitaka pia msichana huyo ajue Kiswahili, kwa sababu yeye alikuwa ametoka kufanya kazi upande wa Tanganyika na Kibemba kilimshinda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nimemaliza darasa la sita. Kufuma nilijua, na Kiswahili nilikinyonya kwa mama yangu, ambaye alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaolewa na baba yangu aliyekwenda kule kuuza samaki. Masista wakanisukuma mbele.

Jioni hiyo baba, ambaye sisi watoto tulimwita tata kama Wabemba wote, alikuwa ameketi anaziba wavu wake. Nilipomwambia, aliweka sindano yake ya mti chini akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili alichokiokota Kongo.

"Banakulipa juu ya kufuma samaki?"

"Ee, tata."

"Bon. Kama samaki ya bazungu iko inasikia baridi, enda uifumie sweta."

Kaka yangu mkubwa alicheka hadi akakohoa. Huyo tulimwita yaya, maana kwa Kiswahili cha mama yangu yaya ni ndugu yako aliyekutangulia, awe wa kiume au wa kike. Tangu siku hiyo kila nikitoka kazini aliniuliza kama samaki wameshavaa.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Kila asubuhi, mitumbwi ilipotua, karani wa ufuko alisimama mchangani na karatasi yake. Alikuwa mzee mwenye kofia ya mkonge, mtu wa kanisa, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mitumbwi kumi ya ufuko wetu ilikuwa imepakwa namba kwa rangi nyeupe, moja hadi kumi, na yeye aliandika kila mtumbwi umeleta vikapu vingapi vya samaki. Namba nne ilikuwa ya tata. Namba sita ilikuwa ya yaya. Karatasi hiyo ililetwa kwangu, na mimi nikaihamishia kwenye kadi, kila mtumbwi kadi moja, kila siku.

Kadi hizo ndizo zilizonifanya nilivyo. Zilikuwa ngumu, za ukubwa wa kiganja, na pembeni zimezungukwa na matundu. Kila tundu lilikuwa na maana yake: hili ni mwezi wa sita, hili ni ufuko wetu, hili ni wavu wa matundu madogo. Kama jambo ni kweli, unalikata tundu lake kwa koleo hadi ukingoni, libaki wazi. Kisha unapanga kadi mia pamoja, unapitisha sindano ya kufumia katika tundu moja, unainua na kutikisa. Zilizokatwa zinaanguka mezani, zisizokatwa zinabaki zimening'inia. Ukitaka kujua mitumbwi ya ufuko wetu, mwezi wa sita, wavu mdogo, unapitisha sindano mara tatu na jibu limelala mbele yako. Nilipoona zinaanguka mara ya kwanza nilisisimka mwili mzima. Niliuliza swali kwa mkono, na vitu visivyo na akili vikanijibu sawasawa. Mpaka leo sijapata furaha iliyozidi ile, na nimezaa watoto wanne.

Hesabu ya vikapu ilikuwa na matundu manne peke yake kwenye kadi: saba, nne, mbili na moja. Kikapu kimoja, unakata moja. Vitatu, unakata mbili na moja. Tisa, unakata saba na mbili. Mtumbwi uliozidi tisa uliandikwa tisa, amri ya bwana. Na mtumbwi uliorudi mtupu haukatiwi kitu. Sifuri haina tundu. Kumbukeni hilo.

Ndani ya miezi minne nilikuwa nimempita bwana samaki kwa mbali. Yeye alikuwa akipitisha sindano ovyo, leo anaanza na mwezi, kesho na wavu, akachoka, akatukana. Mimi niliona kwamba ukianza na tundu linaloangusha kadi chache, kazi yote inakuwa nyepesi. Nikaandika kwenye daftari mpangilio wa kila swali alilopenda kuuliza, hatua baada ya hatua, ili hata mtu asiyejua samaki aufuate asikosee. Hizo zilikuwa programu, ingawa hakuna aliyeniambia. Bwana samaki alilisoma daftari, akaguna, akalinakili kwa mwandiko wake na kulipeleka kwa wakubwa wake. Sikujua hilo mpaka aliponionyesha barua ya pongezi aliyopata. Alinionyesha mimi, mwenye daftari, akitabasamu, akitaka nimfurahie.

Nilimfurahia. Hilo nalo linanichoma. Nilimfurahia kwa sababu alikuwa ameniahidi kitu. Huko migodini, alisema, ipo ofisi yenye mashine inayosoma kadi yenyewe, bila sindano, kadi mia tano wakati wewe unapiga chafya. Nikiendelea hivi, angeniandikia barua ya kunipeleka kule. Niliota mashine hiyo. Wenzangu walikuwa wakiota waume wenye baiskeli, na mimi niliitaka mashine kuliko mume, kuliko baiskeli. Mama aliponikuta nahesabu saba, nne, mbili, moja huku nakoroga bukari, ugali wetu, alinipokonya mwiko.

Halafu ukaja mwezi wa sita wa mwaka wa pili. Upepo wa kusini ulianza mapema, baridi ikawa kali, ziwa likachafuka. Asubuhi moja namba sita ilipinduka. Mwenzake yaya aliogelea hadi kwenye matete akafika amekauka sauti. Yaya hakufika.

Kwetu mtu akipotea majini, kila mtumbwi unaoingia ziwani unamtafuta yeye. Nyavu zote zinabaki juu ya miti. Hutupi wavu mahali unapomtafuta mtu, na hakuna mama ufukweni atakayeweka samaki motoni mpaka mwenzake ampate mwanawe. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo na sijawahi kuona mtu akiivunja, hata walevi, hata yule jirani aliyegombana na tata juu ya mpaka wa shamba. Mitumbwi yote ilitoka, siku sita. Tulimpata upande wa Mununga. Tukamzika, na baada ya hapo siku tatu tena maji hayakuguswa, mpaka mama alipooga na kunyolewa. Siku tisa kwa jumla. Mimi nilikaa chini na wanawake, nikalia nao.

Nilirudi kazini siku ya kumi. Karatasi za siku zote tisa zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri. Mitumbwi kumi, siku tisa. Karani wa ufuko alikuwa amejaza kila mahali kwa mwandiko wake mzuri: sifuri, sifuri, sifuri. Nilishuka chini hadi namba sita. Namba sita ilikuwa imevunjika ubavu, imelala mchangani kwetu, mwenyewe yuko kaburini. Namba sita: sifuri. Siku tisa, mara tisa. Kana kwamba yaya alikwenda kuvua kila asubuhi akarudi na aibu.

Nilitoka nje nikamfuata mzee, nikamwita kwa heshima ya Kibemba.

"Ba karani, mukwai, hii ni nini?"

Aliivua kofia yake. Alikuwa amelia nasi, alikuwa amebeba jeneza.

"Ningetia nini, mwana? Bwana alisema kasanduku ka kuandikia namba hata kamoja kasibakie bure. Mukaratasi yake hamuna mahali pa kilio."

Sikumlaumu, na simlaumu. Nilirudi mezani nikakaa na zile karatasi. Kama ningezihamisha zilivyo, kadi tisini zisingekatwa kitu mahali pa vikapu, na sindano isingejua tofauti kati ya mvuvi aliyehangaika akakosa na mvuvi aliyekuwa akimtafuta maiti. Hapo ndipo nilipoliona. Saba na nne. Katika hesabu yetu, tundu la saba na tundu la nne hayakukatwa pamoja hata siku moja, kwa sababu kumi na moja haipo. Nafasi ilikuwapo, wazi, haina kazi. Nikaamua: saba na nne kwa pamoja maana yake hakuna aliyekwenda kuvua. Nikakata kadi zote tisini hivyo. Kwenye daftari nikaandika maelezo yake, na hatua za kuzitoa: sindano kwenye saba, zinazoanguka zipitishie nne, zinazoanguka tena ziweke pembeni, usizihesabu.

Nimeandika programu kwa miaka thelathini na zaidi baada ya siku hiyo. Nimeandika za mishahara ya watu maelfu na za mitambo ya kuyeyusha shaba. Hakuna niliyoiandika vizuri kuliko ile.

Bwana samaki aligundua baada ya juma moja. Alinyanyua kadi kwenye mwanga, akanyanyua ya pili.

"Nani ameziharibu hizi?"

Nilimweleza. Nilieleza taratibu, kwa adabu, nimesimama. Kilio, mtu majini, nyavu juu ya miti. Alijua ndugu yangu amekufa, alikuwa amenipa pole na kopo la maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Tanganyika, kizuri kuliko changu:

"Kadi inaandika samaki. Haiandiki sababu. Wewe kazi yako ni kukata, si kufikiri."

Akasema niziandike upya. Akasema pia, bila kupandisha sauti, kwamba ile barua ya migodini ilikuwa mezani kwake, imebaki sahihi tu.

Basi. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa nataka wangu uwe na kitu. Nilichukua kadi tisini mpya. Nikakata mwezi, nikakata ufuko, nikakata aina ya wavu, na mahali pa vikapu sikukata kitu. Ilinichukua mchana mmoja. Nilifanya kwa uangalifu, nikazikagua mara mbili, hazikuwa na kosa. Zile za kwanza aliniambia nizitupe. Nilizifunga katika chitenge nikaenda nazo nyumbani, nikazificha chini ya gunia la muhogo, na sikumwambia mtu. Kwa nini nilizitunza na sikusema? Najiuliza mpaka leo. Jibu sina, ila najua kwamba mtu anayetunza ushahidi na kufunga mdomo si shujaa.

Miezi ikapita. Bwana samaki aliandika taarifa yake ya mwaka. Alinituma nitoe mwezi wa sita wa ufuko wetu, nikatoa, akahesabu kadi tupu, akazilinganisha na za mwaka uliotangulia, akapiga mluzi. Rundo la mwaka huu lilikuwa limezidi kwa mbali. Nilikuwa nimesimama pale pale, sindano mkononi. Nilijua rundo lile ni nini. Ningeweza kusema neno moja. Barua ilikuwa haijatiwa sahihi.

Amri ilikuja kabla ya baridi iliyofuata. Mwezi wa sita na wa saba ufuko wetu umefungwa, na nyavu zote za matundu madogo zikusanywe zichomwe, kwa sababu samaki wa hapo wamekwisha. Samaki gani waliokwisha? Watu walikuwa wakiwavua pale pale mbele ya ofisi, na karani akiwaandika. Lakini taarifa ilikuwa imeshakwenda juu, na taarifa ikishakwenda juu hairudi chini kutazama ndani ya kikapu. Matarishi wa serikali walipita nyumba kwa nyumba. Tata alitoa nyavu zake mwenyewe, mbili, za uzi wa pamba, alizozifuma miaka na kuzipika katika maji ya magome ili zisioze. Moja ilikuwa ya yaya. Aliikunja vizuri kabla ya kuitupa kwenye rundo. Walimimina mafuta ya taa. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, na watoto walikimbia kuufuata kana kwamba ni sikukuu.

Mimi nilikwenda chini ya gunia la muhogo.

Baada ya kuchoma palikuwa na mkutano hapo hapo mchangani, bwana samaki ameketi kwenye meza ndogo, akieleza amri kwa watu ambao tayari macho yao yalikuwa mekundu. Barua yangu ilikuwa imetiwa sahihi siku mbili kabla. Nawaambieni hilo msije mkanisifu. Nilingoja mpaka ilipokuwa mfukoni ndipo nikapata ujasiri.

Nilipita katikati ya wanaume nikafungua chitenge mezani pake. Nilikuja na sindano yangu. Nilichanganya zile kadi tisini na nyingine nilizozitoa ofisini, nikazipanga, nikapitisha sindano kwenye saba, nikatikisa. Zikaanguka. Nikakusanya zilizoanguka nikapitisha kwenye nne. Zikaanguka tena, zote tisini, nyingine zikaingia mchangani, karani wa ufuko akainama kuziokota.

Nikasema kwa Kibemba, kwa sauti, ili kila mtu asikie: hizi ndizo siku tisa tulizomtafuta kaka yangu. Ofisi imezihesabu kuwa siku za kuvua. Samaki hawajakwisha. Ni sisi tulikuwa kwenye kilio.

Bwana samaki, ambaye Kibemba kilimshinda lakini si kwa kiasi hicho, akasema kwa Kiswahili:

"Hizo ni kadi zilizoharibika. Kadi za kweli ziko ndani ya sanduku ofisini. Waambie ni nani aliyezikata hizo za sandukuni."

Jirani yetu, yule wa mpaka wa shamba, akauliza polepole kwa Kiswahili cha Kongo:

"Ni weye njo uliandika asema samaki imeisha?"

"Niliambiwa."

"Sikuuliza nani alikuambia, mwana. Nimeuliza mukono."

Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana. Walitawanyika mmoja mmoja, wakipita mbali nami kama ninavyopita mimi mbali na matope. Amri haikubadilika mwaka huo. Mwaka uliofuata iliachwa tu, bila tangazo, bila samahani, na hakuna aliyemrudishia mtu hata kipande cha uzi. Na nilipokuja kusalimia baadaye nilikuta Nchelenge zimefika kadi mpya kutoka mjini, zimechapishwa vizuri, zina tundu moja jipya pembeni: hakuenda kuvua. Chini yake palikuwa na herufi za jina la bwana samaki, kwamba yeye ndiye aliyelibuni.

Nilikwenda migodini na barua yake. Iliandikwa hivi: ana mikono safi, anajua sindano, ni mtiifu. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifungulia mlango. Mashine nilikuta inashikwa na wanawake wa kizungu, na mimi nikapewa kuwabebea kadi, miaka na miaka, huku nikizisoma pembeni kwa kidole nikiwa koridoni. Walipoondoka baada ya uhuru, mimi ndiye niliyejua kila sanduku. Kompyuta ilipofika wakubwa wa mgodi waliwaleta vijana wa kiume wenye vyeti kuijifunza, na mwezi wa tatu vijana walikuja kuniuliza kwa nini majibu yao hayalingani. Nikawaambia. Mkubwa wao akauliza nani alinifundisha. Kila mkubwa katika maisha yangu ameniuliza swali hilo, kwa sauti ile ile ya kumshangaa mbuzi anayesoma. Nilijibu, "Ziwa," wakacheka, wakadhani ni mzaha.

Kazi imenilipa. Imenijengea nyumba, imesomesha wanangu. Kila programu niliyoiandika ina mahali pa kusema hatujui, na mahali pa kusema hakuenda, mbali kabisa na sifuri. Nimegombana na watu wengi juu ya hilo. Wanasema napoteza nafasi. Kijana mmoja aliwahi kulifuta kwenye programu yangu akiona halina kazi, nikamfukuza kazi siku hiyo hiyo, na akilia mlangoni sikumwonea huruma. Labda nilikosea. Hasira yangu haikuwa yake yote.

Sasa narudi kwenye ile njia ya kutoka mkutanoni, kwa sababu nimeiruka makusudi. Nimeiruka kwa sababu inauma, na kwa sababu huyo kijana wa barua aliomba ushauri, na ushauri wote nilio nao uko pale.

Tulitembea mimi na tata peke yetu, yeye mbele. Nguo zake zilinuka mafuta ya taa. Tulipofika penye mtumbwi namba sita, uliokuwa bado umelala ubavu mchangani na rangi nyeupe ya namba yake haijafutika, alisimama.

"Mu ile kadi ya mu sanduku, banaandika nini juu ya yaya yako?"

"Sifuri, tata. Siku kenda, sifuri."

"Ni bwana njo aliandika?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia bwana alisema, na mimi nikafanya, kwa mkono wangu, mchana mmoja, na nikakagua mara mbili. Nikamwambia na habari ya barua. Nilitaka anipige. Mtu akikupiga deni linapungua. Tata aliweka kiganja juu ya ile namba, akapangusa mchanga, na hakunitazama.

"Bwana hakumujua," alisema. "Weye ulimujua."

Akaendelea na safari yake. Kesho yake mimi nilipanda lori la samaki kwenda migodini.